Dawa ya akili ina saa yake mwilini, ijue kabla hujaiacha

 

Leo nimeonelea tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalizungumza kwa kunong'ona, nalo ni dawa za maradhi ya akili. Sitaki kuzungumzia maradhi yenyewe, hayo tumeyasikia mara nyingi. Nataka tuzungumzie kidonge au sindano baada ya kuingia mwilini: inakwenda wapi, inakaa muda gani, inatoka vipi. Maana naona sisi tunajua kumeza, tunajua na kuacha, lakini kilichopo katikati hatukijui, na hicho ndicho kinachotuumiza huku ugenini.

Chukua mfano huu, nimeuona zaidi ya mara moja. Kijana anaugua nyumbani, halali, anasikia sauti, anapelekwa hospitali. Iwe Mirembe kule Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala au Kidongo Chekundu pale Unguja, anatulizwa na baadaye anaanzishiwa sindano ya kila mwezi, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Modecate. Anakaa vizuri mwaka, miwili. Kazi ya Saudia inapatikana. Sindano ya mwisho anachomwa wiki moja kabla ya safari. Anafika Riyadh, mwezi wa kwanza mzima kabisa. Mwezi wa pili mzima. Anawaambia wenzake chumbani kuwa yale yalikuwa mambo ya nyumbani, huku amepona. Mwezi wa nne anaanza kukesha. Anamshuku anayepika kuwa anamtilia kitu kwenye chakula. Usiku mmoja anatoka barabarani bila viatu, na wa kwanza kumkuta ni polisi. Hapo wenzake wanaanza: amerogwa, watu wameionea wivu kazi yake.

Ndugu yangu, hesabu yake ni nyepesi kuliko uchawi. Dawa ya sindano ile huchanganywa na mafuta, na mafuta yenyewe ni ya ufuta, simsim hiyo hiyo tunayoijua jikoni. Ikishachomwa kwenye nyama ya mwili, mafuta yanakaa pale kama ghala na kuitoa dawa kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Kwa dawa iliyomo ndani ya Modecate, inayoitwa flufenazini, mtu aliyechomwa kwa muda mrefu huchukua kama wiki mbili dawa kupungua nusu. Kwa haloperidoli ya mafuta ni kama wiki tatu. Sasa piga hesabu. Ikiwa leo una mia, baada ya wiki mbili una hamsini, wiki ya nne ishirini na tano, wiki ya nane imebaki sita tu. Kijana yule miezi miwili ya mwanzo alikuwa bado anakula akiba ya sindano ya nyumbani. Halafu dawa ikiisha, ugonjwa haurudi siku ile ile. Unaweza kuchukua wiki au miezi. Ndiyo maana mtu anaona kabisa kuwa ameacha dawa na hakuna kilichotokea, na anaposhikwa hakuna anayekumbuka sindano.

Mimi simlaumu kijana. Vipimo vya afya vya kuingilia nchi za Ghuba, vile tulivyokuwa tukiviita GAMCA na sasa Wafid, vinayahesabu maradhi ya akili katika sababu za kumkataa mwombaji. Kwa hiyo mtu anaficha, anaficha kwa wakala, anaficha kwa kafili, mwisho anaificha hata kwa daktari anayeweza kumsaidia. Lakini damu haijui kuficha. Hilo ndilo ninalotaka tukubaliane leo: unaweza kumficha kila mtu, ila saa ya dawa inaendelea kuhesabu.

Tuje kwenye vidonge. Ukimeza kidonge kinayeyuka tumboni, kinaingia kwenye damu kupitia utumbo mdogo, na kabla ya kwenda popote damu hiyo inapita kwenye ini. Ini ni kama forodha. Sehemu ya dawa inazuiliwa na kuvunjwa pale pale, ndiyo maana vidonge vingi vina uzito mkubwa kuliko sindano ya dawa ile ile. Kinachopita kinazunguka na damu mwili mzima, kinafika hata kwenye utumbo na mdomo, na ndiyo sababu dawa ya kichwa inakukausha mate au kukufungia choo. Ubongo una ukuta wake unaoulinda, haupitishi kila kitu. Dawa hizi nyingi huyeyuka kwenye mafuta, na kwa njia hiyo hupenya ukuta ule. Zikishaingia zinakaa kwenye vipokezi vya seli, baadhi zinapunguza nguvu ya dopamini, baadhi zinaiacha serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli na seli.

Hapa kuna jambo linalowavunja moyo watu. Dawa ya sonona inafika ubongoni saa chache tu baada ya kuimeza, lakini moyo hauanzi kuchangamka mpaka wiki mbili, nne, hata sita. Ubongo unachukua muda kujipanga upya. Madhara madogo madogo yanakuja kwanza, kichefuchefu, kukosa usingizi au kusinzia, faida inachelewa. Mtu anameza siku tano, anasema dawa hii inanidhuru wala hainisaidii, anatupa. Ameacha wakati mbaya kuliko wote.

Na kila dawa ina saa yake ya kutoka. Paroksetini hupungua nusu kwa karibu siku moja. Ukiiacha ghafla, siku ya pili au ya tatu unaweza kuhisi kizunguzungu, mwili kama unapigwa na umeme mdogo mdogo, hasira, ndoto za kutisha. Fluoksetini ni ya kundi hilo hilo, lakini kwa aliyeitumia muda mrefu inachukua siku nne hadi sita kupungua nusu, na kitu kinachozaliwa nayo ndani ya ini kinakaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo wawili wanalala chumba kimoja, wote wana dawa ya sonona, wote wanasahau kwa siku tatu. Mmoja haoni kitu, mwingine anadhani anakufa. Yule wa kwanza anamwambia mwenzake kuwa anajiendekeza. Hajiendekezi, ana dawa nyingine.

Hatari zaidi ni dawa za kutuliza za kundi la diazepamu na klonazepamu. Aliyezitumia kila siku kwa miezi akizikata ghafla anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Hili linatuhusu sana sisi wasafiri, kwa sababu dawa hizo hapa Saudia ni za kudhibitiwa, na mtu haingii nazo hivi hivi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Saudia ina utaratibu wa kuombea kibali mtandaoni kabla ya safari, na unatakiwa uwe na ripoti ya daktari na cheti cha dawa. Anayekwenda likizo nyumbani na kurudi na kopo la vidonge vya kutuliza ndani ya begi bila karatasi anacheza na kesi ya dawa za kulevya. Na hata akisalimika na kesi, vidonge vikichukuliwa pale uwanjani saa ya kuacha ghafla imeanza kuhesabu. Zungumza na daktari mapema kabla hujakata tiketi.

Sasa niseme la kugawana vidonge. Huu ni ugonjwa wetu sote, na nasema bila kuficha kuwa ni tabia mbaya hata kama inatoka kwenye huruma. Dada mmoja hapati usingizi kwa sababu ya kazi na mawazo ya watoto nyumbani, mwenzake anampa nusu ya amitriptilini yake, "mimi inanilaza vizuri." Tatizo ni kwamba ini la huyu si ini la yule. Kuna kimeng'enya kimoja cha ini, kinaitwa CYP2D6, ndicho kinachovunja dawa nyingi za akili, amitriptilini ikiwemo, risperidoni ikiwemo, na haloperidoli kwa kiasi. Watu tunarithi nguvu yake tofauti. Mwaka 1996 mtafiti Eleni Aklillu na wenzake walichapisha kuwa katika Waethiopia waliowapima, asilimia 29 walikuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, maana yake wanaivunja dawa upesi sana. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti wa Saudia wenyewe, na huko kama mmoja kati ya watano alikuwa hivyo hivyo. Kwa Watanzania watafiti walikuta pia aina nyingine ya jeni hiyo iliyoenea Afrika, ambayo kazi yake ni ya polepole. Basi fikiria chumba chenu: Mhabeshi, Mtanzania, Mkenya na jirani Msaudia. Kidonge kimoja, kwa mmoja hakifanyi kitu, kwa mwingine kinajazana kwenye damu mpaka moyo unakwenda mbio. Na amitriptilini ikizidi ni sumu ya moyo, si usingizi tu.

Sigara nayo. Moshi wake unalichochea ini kuvunja klozapini na olanzapini haraka. Mvutaji hupewa dozi inayolingana na uvutaji wake. Akiacha sigara, jambo zuri kabisa, kiwango cha dawa kwenye damu kinapanda ndani ya siku chache, anasinzia kazini, na kwa klozapini anaweza hata kuanguka kifafa. Acha sigara, tafadhali, lakini mwambie daktari siku unayoacha.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nikae niandike, nalo ni joto na lithiamu. Wanaougua baipola, wale ambao mara wanapanda wakatumia pesa zote na kutolala, mara wanashuka wakatamani kufa, wengi hupewa lithiamu. Ni dawa ya zamani, nzuri, na imeokoa watu wengi. Lakini haifanani na zile nyingine. Ini haliigusi kabisa. Inaingia kama chumvi na kutoka kama chumvi, kwa njia ya figo tu. Figo hazijui vizuri kuitofautisha lithiamu na chumvi ya kawaida. Mwili ukipungukiwa na maji na chumvi, figo zinaamua kubana chumvi isipotee, na zinapoibana chumvi zinaibana na lithiamu. Dozi ni ile ile, hujaongeza hata nusu kidonge, lakini damuni imepanda. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni kati ya 0.6 na 1.0, kikipita 1.5 tayari ni sumu. Ona nafasi ilivyo ndogo.

Mtu wa Mombasa au Dar akifika huku anasema joto nalijua. Hulijui hili. Jeddah ina unyevu wa bahari, jasho linakutiririka mpaka shati linaganda mwilini, halikaukii, kwa hiyo halikupozi, na linabeba maji na chumvi yako. Riyadh ni kinyume, kukavu, kiangazi mchana ni kawaida kupita nyuzi 40, na jasho linakauka kabla hujaliona. Unadhani hutoki jasho kumbe umekwisha. Mimi naiogopa Riyadh zaidi kwa sababu hiyo, ingawa ndugu zangu wa Jeddah watanibishia. Dereva anayekaa kwenye gari kumsubiri madam, mlinzi wa getini, fundi wa paa, dada anayepika kwenye jiko lisilo na kiyoyozi, hawa wote wakiwa kwenye lithiamu wanywe maji siku nzima bila kusubiri kiu, na wasiache chumvi kwenye chakula ghafla. Ukiharisha au kutapika siku nzima, hiyo si ya kuvumilia nyumbani.

Halafu maumivu. Mgongo ukiuma sisi tunakimbilia diklofenaki na ibuprofeni, wengine tunatoka nazo nyumbani mkebe mzima. Hizo zinazizuia figo kuitoa lithiamu na kuipandisha. Panadol haina tabia hiyo. Baadhi ya dawa za presha nazo zinaipandisha, kwa hiyo daktari wa presha lazima ajue. Dalili za kuzidi zikariri: mikono kutetemeka kwa nguvu kuliko kawaida, kuhara, kutapika, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa. Ukiziona usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme neno lithiamu kabla ya neno lingine lolote. Watapima damu. Kipimo cha kawaida cha kufuatilia hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, kwa hiyo siku ya kipimo usimeze ya asubuhi mpaka umeshatolewa damu.

Wanaotumia Largactil, haloperidoli na jamaa zake nao wana shughuli na joto, kwa njia nyingine. Dawa hizi zinavuruga ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili, na Artane, inayotolewa pamoja nazo kuzuia kukakamaa, inakausha jasho. Largactil pia inafanya ngozi iungue jua upesi. Saudia imekataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, kutoka tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Ikiwa unatumia dawa hizi, hiyo ni haki yako mara mbili, usikubali kuiacha kwa sababu ya nyongeza kidogo ya mshahara. Mwenzako akiwa na ngozi ya moto, hana jasho na anaropoka, usiseme ugonjwa wake umempanda. Mwingize kivulini, mmwagie maji, piga 911 kwa Riyadh na Jeddah, au 997 ya Hilali Nyekundu.

Kuhusu Ramadhani nimeulizwa sana, na watu wanapenda jibu la neno moja. Sina. Peshawar, Pakistan, watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa baipola waliofunga huku wakitumia lithiamu, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na kiwango cha damu hakikubadilika sana. Casablanca, Morocco, utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta karibu nusu ya wagonjwa walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwezi ule, hata waliokuwa na lithiamu ya kutosha. Maelezo waliyoyaona ni kuvurugika kwa usingizi na mpango wa siku. Nami nakubaliana nao nikiangalia maisha ya Jeddah usiku wa Ramadhani, masoko wazi mpaka alfajiri, watu wa kazi za ndani wanapika futari, wanapika daku, wanalala saa tatu. Kwa mwenye baipola kukesha ni kiberiti. Kwa hiyo usijipangie mwenyewe. Mwezi mmoja kabla, mwone daktari, muulize kama dawa yako inaweza kuhamia futari na daku, au kuna namna ya kumeza mara moja usiku. Ziko dawa mbili, ziprasidoni na lurasidoni, ambazo bila chakula cha kutosha nyingi yake inapotea bure, hizo zimezwe na futari ya kweli, si na tende tatu. Na daktari akikwambia usifunge, mgonjwa ana ruhusa yake, wala hakuna sheikh wa maana atakayekulaumu.

Najua watakaosema dawa hizi zinaharibu ubongo, zinanenepesha, zinaua nguvu za kiume, afadhali kisomo. Kisomo soma, kanisani nenda. Na madhara yapo, siyakatai, unene upo, sukari ipo, mambo ya ndoa yapo. Lakini madhara yana dawa yake, dozi hubadilishwa, dawa hubadilishwa, na hupunguzwa taratibu kwa wiki au miezi kwa anayestahili kuacha. Wanaonikera zaidi kwa kweli ni matabibu wanaokupa boksi kwa dakika tatu bila kueleza lolote, na sisi tunaoitikia "aiwa, aiwa" hali hatujaelewa neno. Muulize: inakaa muda gani, nikisahau nifanye nini, nisile na nini. Ukisahau dozi kawaida usimeze mbili kwa pamoja.

Lugha isikutishe. Kliniki yenyewe kwa Kiarabu ni iyada nafsiya, daktari wake ni tabib nafsi, tabibu na nafsi tunazo kwenye Kiswahili. Dawa ni dawa. Riyadh na Jeddah zote zina vituo vikubwa vya serikali vya afya ya akili vinavyojulikana kwa jina la Irada, na Wizara ya Afya inapokea simu kwa namba 937 usiku na mchana.

Leo jioni chukua kikaratasi. Andika jina halisi la dawa, si la kampuni, maana Largactil ya nyumbani hapa huenda ikawa na jina jingine kwenye boksi, ila ndani ni klopromazini ile ile. Liandike kwa herufi kama lilivyo kwenye boksi. Andika miligramu, saa unayomeza, na kama ni sindano andika tarehe ya mwisho na tarehe inayofuata. Kimoja kiweke nyuma ya iqama, kingine mpe mtu mmoja unayemwamini, si lazima awe kafili wala si lazima awe ndugu. Na wewe uliyesoma mpaka hapa huku ukikumbuka kuwa sindano yako ya mwisho ilikuwa nyumbani, hesabu wiki sasa hivi.